Kuzidiwa Jumanne na Alhamisi

Jumatatu, 9 Juni 2014. Kibondo.

Ninakufa. Nimeona niliandike mapema, kabla mkono haujalegea.

Kifua kinabana tangu wiki iliyopita, hasa baada ya chakula cha mchana. Leo binti yangu Yusta amenipeleka hospitali kwa pikipiki, amenishika kwa nyuma kama gunia la maharage. Daktari ni msichana kutoka Tanga, anaitwa Herieth. Kanisikiliza kifua, kanibonyeza tumbo, kachukua damu. Kisha akasema, kwa sauti laini, nirudi Alhamisi.

Sauti laini! Nimefundisha miaka thelathini na sita, kumi na miwili nikiwa mwalimu mkuu. Najua sauti ya mtu anayeficha matokeo mabaya.

Nina miaka themanini na moja. Sinung'uniki. Ila ipo dhambi moja, nami sitaki kwenda nayo.

Uwani kwangu kuna vijana wanaonyanyua vyuma. Walikuja mwaka 2011, wakiongozwa na Saady, mtoto wa Mwanaamina mwenye duka la vitenge. Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, na ekseli ya lori lililokufa. Niliwakubalia nikidhani vijana wenye nguvu watanichotea maji. Siku ya kwanza, saa nane mchana, ekseli ikaanguka. Nikarushwa kitandani. Saa nane ndiyo saa yangu ya kulala!

Kuwafukuza nikashindwa, neno nilikwisha kutoa. Nikatunga. Nikachukua chaki, nikaandika ukutani: RATIBA YA MAPUMZIKO. Jumanne na Alhamisi, hakuna kunyanyua. Jumapili, hakuna kunyanyua. Kila wiki ya nne, vyuma vyepesi tu, tena bila kuviangusha. Nikawaambia imetoka kwa Profesa Halmosh wa Hungaria, aliyechunguza misuli ya wanajeshi arobaini.

Ukweli ni huu. Jumanne na Alhamisi Yusta hupika maharage ya karanga, na usingizi wangu huwa mzito. Jumapili ni Jumapili. Wiki ya nne ni ile anayokuja dada yangu Kezia kutoka Kakonko, na Kezia hapendi kelele. Halmosh nilimtoa kichwani nikinywa uji.

Vijana wametii miaka mitatu. Wanamtaja Halmosh kama babu yao mzaa mama. Na tarehe 28 wanakwenda Kasulu kushindana. Siwezi kufa na Mhungaria moyoni. Kesho naungama.

Jumanne, 10 Juni

Nimeungama!

Nimetoka na fimbo yangu na koti, nikawakusanya uwani. Nikasema yote. Saady akauliza kama na wale wanajeshi arobaini ni uongo. Nikakiri. Wote arobaini. Japhet, fundi ujenzi, ambaye ndiye mwenye nguvu kuliko wote na maneno machache kuliko wote, akauliza kama Hungaria yenyewe ipo. Nikamhakikishia kwamba ipo.

Saady kacheka kwanza. Halafu kakasirika. Mzee wangu, alisema, umetukalisha vitako chini miaka mitatu kwa sababu ya usingizi! Akasema watu wa Kasulu wanapiga chuma kila siku ya Mungu, ndiyo maana shingo zao hazionekani. Akavua fulana, akafuta ukuta wangu. Ile hati yangu nzuri! Amri mpya: kila siku, asubuhi na mchana, mpaka Kasulu. Hakuna kupoa.

Sikujali. Moyo mweupe, mwepesi kama karatasi. Nimekula maharage yangu, nikajilaza kama mtu aliyemaliza kazi.

Hiyo ilikuwa saa nane kamili. Saa nane na dakika tatu, ekseli ikaanguka.

Alhamisi, 12 Juni

Sifi!

Ni gesi. Dk. Herieth kaeleza taratibu, na kumbe ile sauti laini ndiyo sauti yake, hata mwenye mafua anaongea naye hivyohivyo. Ninakula maharage na karanga, halafu nalala chali papo hapo, asidi inapanda kifuani. Kanipa vidonge vya kutafuna. Kanikataza kulala baada ya kula. Moyo wangu, kasema, ungemfaa mtu wa miaka sitini.

Njiani nimeona kila kitu kizuri. Vumbi zuri. Mbuzi wazuri. Yusta kacheka mpaka mwenye pikipiki kapunguza mwendo. Nimemwapisha asimwambie mtu. Mwalimu mkuu mzima, kuungama mbele ya watu kwa ajili ya gesi!

Lakini kuna jambo. Kabla ya kutoka nilimuuliza daktari, kwa mbali, kama swali la mtu mwingine, habari za wanaonyanyua vyuma kila siku bila kupumzika. Akasema msuli unachanika ukinyanyua, na unajengeka ukipumzika. Lazima siku za kupumua katikati. Na baada ya wiki chache, wiki moja nzima ya vitu vyepesi. Wasipofanya hivyo, bega au kiwiko au goti litajipangia mapumziko lenyewe, nalo haliombi ruhusa.

Ni ratiba yangu! Na Jumapili yake! Miaka mitatu nimesema uongo, kumbe nilikuwa nasema kweli tupu. Kisha nikaungama, na kweli ikafutwa kwa fulana.

Jumamosi, 14 Juni

Vijana wamekuja asubuhi kunisalimu kwa makofi, kama desturi yetu Waha kwa mtu mkubwa. Unainama, viganja vinakutana kifuani, huachi mpaka mkubwa aitikie. Hata Saady hupiga, na wazazi wake ni watu wa Ujiji.

Nikasikia kofi moja linatokea chini. Nikatazama. Japhet! Mkono wa kulia umebaki kiunoni, wa kushoto ndio unaomfuata mwenzake huko chini.

Nikachelewa kuitikia makusudi. Nikauliza habari za mama yake. Za shangazi wa Kumsenga. Za shamba la muhogo. Nilipofika kwenye mbuzi, jasho linamtoka, na asubuhi hii baridi hata kuku wamejikunyata. Nikaitikia. Nikamuuliza bega lina nini. Akasema ni saruji tu, Mwalimu.

Si saruji. Siku nne bila kupoa!

Jumatatu ya tarehe 7 Julai Japhet anaanza kujenga darasa Murungu. Kazi yake ya kwanza akiwa fundi mkuu, baada ya miaka sita ya kuwasogezea wenzake matofali. Fundi asiyeinua mkono atajenga ukuta wa kiunoni. Watampa kazi mwingine, naye atarudi kusogeza matofali, kwa mkono mmoja. Na ni mimi. Mimi na moyo wangu mweupe!

Nimemwambia Saady wapumzike. Nimemwambia safari hii ni kweli, ni daktari kasema. Akauliza kama Halmosh kapiga simu. Wakacheka wote. Japhet naye kacheka, ameshika bega.

Jumapili, 15 Juni

Mpango wa kwanza.

Ekseli ina vibanio viwili vya chuma vinavyozuia makopo yasichomoke. Bila vibanio hakuna kunyanyua. Nimeviiba alfajiri nikiwa na soksi tu miguuni, nikavizamisha kwenye mtungi wa asali.

Saady katafuta. Kacheka. Kakata mpira wa baiskeli, kafunga pande zote mbili, kavuta. Unashika kuliko vibanio, alisema, tungejua tungeanza zamani. Wakanyanyua asubuhi. Wakanyanyua mchana. Na sasa nina mtungi mzima wa asali yenye ladha ya kutu. Yusta kaonja uji, kanitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Jumatatu, 16 Juni

Mpango wa pili. Nimemsihi Japhet aende kwa Dk. Herieth. Amekataa kwa adabu. Anasema hospitali ndiyo inayompa mtu ugonjwa. Mwalimu mwenyewe, kasema, ulikwenda unatembea, na sasa tunasikia siku zako zinahesabika.

Nilitaka kumwambia ni gesi. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Kwani si kweli? Uwa mzima unaamini ninakufa. Na nyumba ya mtu aliyezidiwa haipigwi hata kinu, sembuse ekseli.

Oho!

Jumanne, 17 Juni

Nimezidiwa saa nane kasoro dakika tano.

Nilijilaza sebuleni, mlango wazi, ili waone. Nikatoa mguno mmoja mrefu, kama wa ng'ombe anayesukumwa. Ekseli ilikuwa imekwishafika magotini kwa Saady. Akaishusha polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Ndani ya dakika moja wote wako mlangoni, wameshika fulana zao mkononi. Nikasema kwa sauti ya mbali kwamba ninachohitaji ni utulivu tu. Wakaondoka kwa ncha za vidole. Watu wazito vile!

Yusta aliingia kutoka jikoni mikono kiunoni. Alijua. Chini ya mto wangu kulikuwa na karanga, na moja ilikuwa shavuni. Nikamweleza habari za bega la Japhet. Akasema jana alimwona kisimani anajitwisha ndoo kwa mkono wa kushoto, akadhani ni madaha.

Kisha akauliza: "Haya, Baba, na Alhamisi utazidiwa saa ngapi, nijue cha kupika?"

Binti yangu huyo!

Jumatano, 18 Juni

Nimepata nafuu. Nimekaa juani. Wamenyanyua asubuhi na mchana, ila Japhet hakufikisha kichwani hata mara moja. Siku moja haitoshi. Kesho nitazidiwa vizuri zaidi.

Alhamisi, 19 Juni

Maafa. Abbasi kaja.

Abbasi alikuwa karani wa mahakama. Ana miaka themanini na mbili, na huo mmoja hajaacha kunikumbusha. Kaja na kiti chake mwenyewe. Kakaa kichwani pangu. Lahaula, kasema, Mwalimu umekonda, lakini hujanishinda mimi mwezi wa tatu, mimi niliona mpaka mlango wa kaburi na komeo lake. Hata kuugua lazima anitangulie!

Akala ndizi zilizoletewa mgonjwa. Zote. Redio ya jirani ikapiga wimbo wa zamani. Sikujiangalia. Kidole gumba cha mguu kikaanza kufuata ngoma chini ya blanketi. Abbasi akaacha kutafuna.

Miaka thelathini ya kuandika kesi! Akasema anaona jambo. Jumanne nimezidiwa, Jumatano nimekaa juani, Alhamisi nimezidiwa. Hajapata kuona ugonjwa unaofuata ratiba. Akauliza kama vijana wa uwani wangependa kuupata ushahidi huo.

Nikamwambia yote. Akasikiliza. Akasema bega la mtoto wa watu ni jambo zito, atanyamaza. Kwa sharti moja.

Siku zote tumebishana nani anamfunga mwenzake kwenye bao, ule mchezo wa kete. Tangu mwaka 1983. Nani anamfunga nani, Kibondo nzima inajua: mimi. Abbasi anataka nitamke kinyume chake, kitandani, mbele ya mashahidi, kama neno la mwisho.

Tafakari. Bega kwa upande mmoja. Heshima ya miaka thelathini kwa upande wa pili.

Saa kumi nimewaita. Saady, Japhet, Yusta, majirani wawili. Nikasema kwa sauti ya kukatika kwamba Abbasi amenifunga bao maisha yangu yote, na mimi nilikuwa nabahatisha. Abbasi akainamisha kichwa kama aliyefiwa, kofia usoni. Mabega yanamtikisika. Majirani wakamsifu kwa kunililia.

Analia wapi! Nimeona meno.

Jumamosi, 21 Juni

Balaa jipya, na limetoka kwenye wema.

Saady kaingia, kapiga magoti, kasema si utu kuniletea kelele katika hali hii. Jumatatu watahamisha vyuma vyote, vikae stoo ya mama yake sokoni. Huko watanyanyua asubuhi, mchana na jioni, na mimi nitapumzika kwa amani.

Mara tatu kwa siku! Wiki nzima ya mwisho, ileile inayotakiwa kuwa nyepesi!

Nikashika mkono wake. Nikajikuta nasema nina wosia. Nataka niwaachie wao, vijana wa uwani, kwa sababu ndio walioniamini. Lazima wote wawepo, kuanzia Jumatatu.

Saady akauliza wosia utachukua muda gani. Nikasema inategemea na pumzi.

Kijana wa hapa hawezi kuukimbia wosia wa mzee. Machozi yalimlenga. Mimi nilijisikia vibaya kwa kama dakika mbili hivi.

Jumatatu, 23 Juni

Wosia, siku ya kwanza. Nimeanza na kuzaliwa kwangu. Kufika saa sita nilikuwa nimefika darasa la pili. Jioni nikarudia, kwa walioelewa vibaya.

Wamelala! Saady ameegemea gunia la mahindi, mdomo wazi. Japhet nimemketisha kulia kwangu, nikamwambia anishike mkono kwa mkono wake wa kulia, aulaze kitandani asiunyanyue, ndivyo baraka inavyopita. Saa nne mfululizo bega halijatikisika.

Dada Kezia kawasili kutoka Kakonko. Kamwambia Yusta kwamba kwa mara ya kwanza nyumba hii ina adabu.

Jumatano, 25 Juni

Wosia, siku ya tatu. Mwaka 1958, chuo cha ualimu. Nilikuwa nimepanga kusema uongo, lakini hapa likanitoka la kweli, sijui kwa nini. Nikawaambia kwamba nami nilikuwa na nguvu. Tulishindana kunyanyua gogo la mninga, mimi na mwenzangu Renatus. Kila siku, wiki tatu, bila kupumzika, kwa sababu kulikuwa na msichana anayepita. Siku ya ishirini na moja kiwiko cha Renatus kikalia kama ukuni unaovunjika. Alimaliza chuo akiandika ubaoni herufi zilizopinda, na watoto wakimcheka, mpaka akaacha ualimu. Mimi ndiye niliyekuwa namchokoza kila asubuhi kwamba amechoka.

Sijapata kumwambia mtu. Miaka hamsini na sita! Nilipomaliza, hakuna aliyekuwa amelala. Japhet akatazama mkono wake juu ya blanketi. Saady akajikuna goti, akasema polepole kwamba naye lina wiki linamuuma, alikuwa hasemi.

Nimejisikia mwepesi. Tofauti na ule wepesi wa Jumanne ya kwanza.

Jioni wameniinua na kitanda changu, watu wanne, wakanitoa juani na kunirudisha. Uzito mdogo, tena bila kuuangusha. Wiki ya nne kamili! Kezia tu ndiye aliyeuliza kwa nini mgonjwa anacheka.

Ijumaa, 27 Juni

Asubuhi wamekuja kuniaga. Makofi. Nikafumba macho, nikasikiliza. Kofi la Japhet limetokea juu, kifuani, pah! pah! kama mbao mbili. Nikamuuliza habari za mama, za shangazi, za muhogo, za mbuzi, za kuku mmoja mmoja. Hakushuka. Hakutoa jasho.

Nikageukia ukutani. Yusta akawaambia Mwalimu amechoka. Sikuwa nimechoka. Uso ulikuwa unanisaliti.

Wamepanda basi la Kasulu saa tatu, wamefunga vitambaa vichwani kama maharusi.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeshinda kitandani kwa sababu Kezia na majirani wapo. Abbasi kaja na kiti chake. Simu ya Yusta imewekwa juu ya mto, sauti kubwa, Saady upande wa pili anatangaza kama mtangazaji wa mpira.

Vijana wa Kumsenga wamejitoa. Wawili kati yao wamefunga viwiko, walikuwa wananyanyua kila siku. Saady mwenyewe katolewa mapema, goti. Kabaki Japhet na jamaa mmoja wa Kasulu, ambaye Saady anaapa hana shingo kabisa, kichwa kimewekwa tu.

Kilo tisini. Saady akanyamaza. Abbasi kashika kanzu yake kwa mikono miwili. Nikasikia uwanja unahema. Kisha kelele! Juu! Mkono umenyooka, Mwalimu, bega zima, bega zima kabisa!

Nilipopata fahamu, nimesimama. Juu ya kitanda. Blanketi shingoni, fimbo hewani, napiga kelele.

Majirani wakapiga vigelegele. Kezia akapiga magoti, akasema ni sala zake za siku tano. Abbasi akasema taratibu, kama anayemsomea mtuhumiwa hukumu, kwamba Jumamosi haikuwa kwenye ratiba ya kuzidiwa, kwa hiyo ni halali.

Mwenzetu asiye na shingo alinyanyua kilo mia, akashinda. Japhet wa pili. Wa pili Kasulu! Na Jumatatu ya tarehe 7 atakuwa Murungu na pimamaji yake, mikono miwili.

Nimekaa chini. Nimelia kidogo. Gesi haikuhusika.

Jumapili, 29 Juni

Wamerudi. Nilikuwa nimejiandaa kuungama. Yusta akanizuia mlangoni, akasema, Baba, mara ya mwisho umeungama nusura tumpoteze fundi, keti.

Nikaungama hivyohivyo. Saady akasema wanajua tangu siku ya pili ya wosia. Mtu anayekata roho haulizi kama karanga zimekwisha. Nikauliza kwa nini waliendelea kuja. Japhet akajibu yeye: usingizi ulikuwa mzuri mno, Mwalimu, na bega lilikuwa linapoa. Halafu ile habari ya Renatus. Basi hawakuona haja ya kuniumbua.

Wakanisamehe. Wote! Nimekaa pale nimejaa shukrani mpaka kooni.

Kisha Saady akachukua chaki. Jumanne na Alhamisi, hakuna kunyanyua. Jumapili, hakuna. Wiki ya nne, vyepesi. Juu akaandika: RATIBA YA SAADY.

Ya Saady! Nikauliza, kwa upole, kuhusu Halmosh. Akasema Halmosh hakuwahi kuwepo. Sawa, lakini kazi aliifanya nani?

Nimefurahi. Hati yake mbaya sana.

Ijumaa, 4 Julai 2014

Ramadhani imeanza, Saady kawapa wote wiki nyepesi, na uwa uko kimya. Nalala vizuri, upande wa kushoto, saa mbili baada ya kula, kama nilivyoagizwa. Kifua hakibani. Sina siri hata moja ya kwenda nayo. Nimepumua.

Jumatatu nilirudi kwa Dk. Herieth. Kafurahi. Kasema kulala kitandani siku zile zote kumenilegeza mikono, nichukue chupa mbili ndogo za maji, nizinyanyue mara kumi. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Akarudia hilo la siku ya hapana mara mbili, akinitazama.

Jioni yake Abbasi, na saumu yake, akapita kunijulia hali. Kanishika mkono juu ya kiwiko. Akasema ni kama muhogo uliokaushwa, na kwamba wake, katika umri wake mkubwa, bado unashika. Mbele ya Kezia!

Nimetafakari kwa makini. Daktari ni msichana mwerevu, lakini kanuni zake ni za miili inayoota. Misuli ya Japhet ina muda wa kusubiri. Mimi nina themanini na moja. Mtu wa umri wangu akipumzika Jumanne, Jumatano ataipata wapi? Mapumziko ni ya vijana.

Nikaanza Jumanne. Maji niliyaona mepesi, nikatia mchanga. Mara kumi, mara tatu. Jumatano mara ishirini. Jana nikaziacha chupa, nikaenda nyuma ya jiko nikachukua kopo dogo la saruji, lile la watoto, kwa kuwa uwani hapakuwa na mtu wa kunikataza. Asubuhi, mchana, jioni. Leo pia, mpaka kama saa nne hivi.

Herufi hizi zimelala kwa sababu ninaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haupandi. Yusta nimemwambia nimeulalia vibaya.

Kesho nitaanza na huu wa kushoto, maana nao usije ukabaki nyuma.